Legeza Taya

Temeke, 9 Machi 1947

Mke wangu Auleria,

Salamu. Mimi mzima, na wewe naamini u mzima, maana mtu aliyeweza kubeba sanduku kwa mkono mmoja hadi Kibamba hawezi kuwa mgonjwa.

Jumapili iliyopita kaka yako Ansbert alinifukuza mlangoni kwake kama mwizi wa kuku. Mimi, niliyepigana na Wajapani kule Bama! Nilishakueleza: tairi la lori lilipasuka barabarani, nami nikadhani bomu. Nilikuangusha chini ili nikuokoe. Mfupa wa bega lako ukavunjika. Mwanamke gani anamkimbia mume kwa jambo la bahati mbaya?

Urudi kabla ya Pasaka. Usiporudi nitakuja kukuchukua, na Ansbert akisimama mlangoni, yeye na mlango vitaanguka pamoja.

Mumeo,
Revelian

Kibamba, 16 Machi 1947

Kwa Revelian,

Mtulinga umeunga upande. Mkono wa kushoto haufiki kichwani, na Felicitas, mke wa kaka, ndiye anayenisuka. Hiyo ndiyo hali yangu. Ya kwako sikuulizi.

Unasema tairi. Sawa. Tairi lilipasuka, ukaniangusha, na hilo nakusamehe. Lakini nilipopiga kelele kwa maumivu ukanizaba kofi ninyamaze. Kisha la pili. Kisha la tatu. Tairi lilikuwa limeshanyamaza, Revelian. Watu walikuwa barabarani wanacheka na dereva. Makofi yale ulikuwa unampiga Mjapani gani?

Tangu urudi kutoka vitani nimekuwa kama mtu anayepika jirani na baruti. Kifuniko cha sufuria kikidondoka, nilikuwa naangalia mkono wako kwanza ndipo nakiokota.

Njoo basi. Ansbert ameazima mbwa wawili.

Mkeo kwa padri tu,
Auleria

Temeke, 25 Mei 1947

Mke wangu,

Shukuru kwamba nimeshika kalamu. Afya ninayo, na nguvu za kukujibu ninazo.

Pasaka sikuja kwa sababu nilikuwa nimesimamishwa kazi. Pale ghalani mwenzangu wa kazi Didas alidondosha bati nyuma yangu. Nilipozinduka nilikuwa nimemkalia kifuani, na meno yake yako sakafuni. Angeweza kunipeleka polisi. Badala yake alikuja nyumbani, mdomo umevimba, akasema, “Wewe si mbaya, umeharibika. Twende kwa Atuganile.”

Huyo ni mjane wa Kinyakyusa, yuko hapa Temeke. Wakati wa vita alikuwa muuguzi kwenye hospitali ya askari, wodi ya watu wanaotetemeka. Alasiri anatulaza uani kwake, wanaume tuliotoka jeshi la Keya, chali juu ya mikeka. Anakaa kwenye kigoda na kutusemesha. “Kaza ngumi. Kaza zaidi. Haya, achia, kama unamwachia kuku aende zake. Sasa legeza taya. Hujui kama unauma meno? Tangu Bama wewe unauma meno.” Anashuka hivyo hivyo, mabega, tumbo, magoti, hadi vidole vya miguu, na pumzi tunaitoa polepole kuliko tulivyoivuta.

Siku ya kwanza nilimwambia hayo ni mambo ya kulaza watoto. Akasema, “Mtoto akilia anabebwa. Wewe ukilia unavunja watu.” Nikaondoka kwa hasira. Kesho yake nikarudi.

Sasa nalala. Kazini wamenirudisha. Kwa hiyo sababu yako ya kukimbia imekwisha. Rudi.

Mumeo,
Revelian

Kibamba, 8 Juni 1947

Kwa Revelian,

Uzima ninao, na hasira pia.

Kumbe kuna mjane anayekulaza chali na kukuambia ulegee! Wanawake wa hapa wamecheka kisimani mpaka ndoo zikamwagika. Mfupa uliovunjika ni wangu, lakini anayetandikiwa mkeka ni wewe. Mimi nani ameniuliza kama nalala? Lori likipita barabara ya Morogoro nashika ukuta. Felicitas akinigusa begani kwa nyuma napiga ukelele, watoto wanakimbia. Wewe Bama yako uliikuta mbali. Mimi yangu niliipata chumbani Temeke.

Usiniandikie tena habari za mikeka.

Dada yake Ansbert,
Auleria

Temeke, 22 Juni 1947

Auleria,

Hali yako sikuulizi, umeshanieleza.

Barua yako nilimpelekea Atuganile aone alivyotukanwa. Akaisoma, akanirudishia. “Na huyu nani anamlaza?” Akanilazimisha niandike maneno yake, Felicitas akusomee taratibu. Ni haya:

“Lala mahali ambapo ardhi inakushika mgongo wote. Huna mzigo wa kubeba. Kunja uso, kaza, achia. Shuka hivyo mwili mzima, bila haraka. Ukifika mahali panapokataa kulegea, usigombane napo. Pasikilize.”

Kuhusu yale makofi sina jibu. Lakini ukipona urudi nyumbani. Sikufundishi ili ukanenepe kwa kaka yako.

Mumeo,
Revelian

Kibamba, 27 Julai 1947

Revelian,

Salamu kwa Atuganile kwanza, na matusi yangu mwambie nimeyafuta.

Nilijaribu kwa ukaidi, nione huyo mwanamke anakufanyia nini. Felicitas alisoma, mimi mkekani. Tulipofika kwenye taya nikaanza kulia, tukaacha. Tukarudia kila alasiri. Wiki hii lori limepita, nami nikaendelea kuchambua mchele.

Sasa wewe. Jana nililegea mwili mzima hadi nyayo. Nikajaribu kuiwaza ile nyumba: kitanda, mlango, wewe unaingia unavua kofia. Mwili wote ukakaza kuanzia kooni, kama kamba ya kisima. Nikaulegeza tena, nikawaza tena. Ukakaza tena. Nikausikiliza, kama mlivyosema. Haukutaja tairi hata kidogo.

Sirudi. Padri amekuja, nimemjibu hivyo hivyo. Usije.

Auleria binti Romani

Temeke, 3 Agosti 1947

Auleria,

Atuganile amepokea salamu. Amefurahi kuliko nilivyopenda.

Niliposoma neno “sirudi” nilichukua rungu nililotoka nalo jeshini, nikashika njia. Sitakuficha: nilikuwa nakuja kumvunja Ansbert na kukuburuta. Nikapita Ilala, nikapita Magomeni. Mbele kidogo taya likaniuma, nikagundua nimeuma meno tangu Temeke. Nikatoka barabarani, nikalala chali kwenye nyasi. Mpita njia akasema, “Mlevi huyo.” Mwenzake akasema, “Walevi hawashiki rungu namna hiyo.”

Miguu ilikubali, mabega yakakubali. Mkono wa kulia ulikataa. Nilikaa nao pale, jua kichwani, nikalia watu wakinitazama. Kisha vidole vikaachia, kimoja kimoja. Nilipoinuka nilielekea nyumbani, rungu nikaliacha palepale.

Hasira nawe ninayo bado, nyingi, na sijui itakwisha lini. Cherehani yako uliyoiacha huku ataileta Didas Jumamosi kwa lori la mizigo. Mfungulieni, hana kosa. Mimi Kibamba sitakuja.

Ndugu yako katika Kristo,
Revelian