Utepe Uliotulia

Baba watoto,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu. Bado anagombana na redio kana kwamba itamjibu.

Uliuliza habari za maabara. Tunapasha moto utepe wa metali iliyopozwa haraka mno, hata chembe zake hazikuwahi kujipanga. Mwanzoni umeme unapita kwa taabu. Joto likizidi, ukinzani wake kwa umeme unaporomoka ghafla: kila chembe imepata mahali pake. Leo mkuu wangu alifurahi, akaupinda utepe uliotulia, ukakatika kama biskuti.

Kaka yako kaniambia umeongeza mkataba. Kitinda mimba wetu sasa analala upande wako. Viatu vyako nimevitoa mlangoni. Geti likigongwa sishtuki tena.

Rudi, mume wangu. Nyumba imeanza kutulia.

Mkeo