Nilichosema Mahakamani Kuhusu Panga Lako

Baba,

Kesi imekwisha. Nataka uisikie kwangu, maana ndugu yangu Elia hanisalimii tangu siku ya hukumu, na najua huja kaburini kwako kunishitaki.

Sefu hatanyongwa. Amefungwa, lakini hatanyongwa, na sababu ni mimi.

Wewe hukuuona mwisho wako. Mimi niliuona. Shule ilikuwa imefungwa, nikatoka Mabawa ninakofundisha, kuja nyumbani Pongwe kuwaona. Asubuhi ile ulikuta jirani yetu Sefu amefyeka mikonge yote uliyoiotesha mpakani. Hukumwita mjumbe. Ulirudi ndani ukachukua panga, ukanipita mlangoni kama hunijui, unasema peke yako, "Leo atanitambua." Nilikukimbilia, nikakushika shati, likachanika. Ulimkata begani akiwa ameinama. Baba, nilisikia mfupa.

Aligeuka akilia kama mnyama, akaokota panga lake. Pigo la kwanza lilichukua vidole vyako, panga lako likaanguka navyo. Hapo angeweza kukuacha. Akakupiga shingoni. Ukaanguka, akakupiga tena, na tena. Damu yako iliniingia kinywani. Mpaka leo mboga ikizidi chumvi hutoka nje nikatapike.

Tulipokwisha kukuzika, baba mdogo alituweka kitako, mimi na Elia. "Marehemu alitoka mikono mitupu. Tumeelewana?" Elia hakuwapo siku ile, kwake ilikuwa rahisi. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Polisi niliwaambia nilifika umekwisha kuanguka.

Sasa sikia kilichotokea mahakamani. Ripoti ya daktari ilikuwa ya Kiingereza, na katikati ya Kiingereza hicho neno limekaa vilevile: panga. Daktari aliliita silaha. Wakili wa Sefu akasimama na kamusi nene ya Kiingereza mkononi. "Shahidi, wewe ni mwalimu wa lugha hiyo. Tusomee, kisha tufasirie."

Nikasoma. Panga: kisu kikubwa, kizito, cha Afrika Mashariki, kitumikacho kama zana au silaha. Asili yake, Kiswahili.

Neno letu, Baba. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba upanga ni wa vita, nao ukiuondolea ile u unapata panga, kitu kipana na kizito cha kwenda nacho shambani. Ndivyo nilivyolijua kwako. Ulikatia mkonge wa watu miaka yote ile, ukanipasulia madafu, ukanichongea kalamu za risasi kwa ncha yake kabla sijaenda shule. Ulipenda kuniuliza, "Mwalimu, na watu wa Pangani je, wote wana mapanga?" Ukacheka mwenyewe. Ukilinoa kwa tupa ulikuwa unasema, "Chuma hakina akili, akili anayo mshikaji." Wageni walilichukua neno hilo kwetu, na sijui waliona nini mpaka wakaliandikia na silaha. Au najua. Nimeona mwenyewe.

Wakili akauliza, "Siku ile, mwalimu, lilikuwa zana au silaha?"

Nikamuuliza, "La nani?"

Mwendesha mashitaka alisimama kupinga, jaji akamkalisha. Nilimwona baba mdogo akitikisa kichwa polepole. Nilimwona na mke wa Sefu, kajifunika kanga mpaka machoni. Kamusi ilikuwa bado mikononi mwangu.

Nikasema, "Yalikuwa mapanga mawili, Mheshimiwa. La baba yangu ndilo lililotangulia. Polisi niliwadanganya."

Sikuishia hapo, usidhani nilikuuza. Nikasema pia kwamba alikupiga ukiwa chini, huna kitu, vidole vyako viko kwenye majani. Nilisema nikimtazama Sefu usoni mpaka akainamisha kichwa. Ukweli wa kwako niliumwaga wote, na wa kwake nikaumwaga wote.

Nje, Elia alinizaba kofi mbele ya watu. "Umemuua baba mara ya pili!" Nikatema damu kwenye ngazi. Nilitaka kumrudishia. Mkono ulishanyanyuka, Baba, na nilijua unatoka wapi, ni mkono wako kabisa. Nikaushika kwa mkono wa pili.

Siku ya nne Mama aliniwekea chai, akaniambia, "Mimi nilimsikia akitoka na panga. Nami nilinyamaza." Tukalia wote wawili hata chai ikapoa.

Ninakukasirikia, Baba. Hilo sijamwambia mtu. Mikonge huota tena! Ungenigeukia tu pale mlangoni, ungeniona mimi mwanao. Halafu hasira ikipungua nakumbuka vidole vyako kwenye majani.

Nina mimba ya miezi mitano. Akizaliwa wa kiume atakuwa na jina lako, Mama ameshasema. Siku moja atauliza babu yake alikufaje, na najua wajomba watamwambia ulikuwa malaika. Mimi nitamwambia ulinipenda, na nitamwambia ulianza wewe. Nikishindwa kumaliza kwa kulia, nitapumzika, kisha nitaendelea. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Baba yangu. Elia akija, msikilize. Naye ana uchungu.

Mwanao,
Neema