Feni za Landrova ya Mohamedi

Kikuyu, Dodoma
Agosti 1997

Ndugu yangu Sostenes,

Kabla sijakuuliza hali, nikuambie nilichokuficha, maana nikianza na salamu nitapata kisingizio cha kuishia hapo. Feni za umeme tulizofunga kwenye Landrova ya Mohamedi hazikuwa mbovu, wala wazo lako halikuwa bovu. Nyaya ziligeuzwa. Aliyezigeuza ni mimi.

Sasa nikusalimu. Habari za Hombolo, na mizabibu inaendeleaje? Shemeji hajambo? Mimi afya imekwisha. Miguu imejaa maji, na daktari huongea na binti yangu Violeth pembeni kisha hurudi kunichekea. Mkono unatetemeka, ndiyo maana unaona mwandiko wa Violeth. Maneno ni yangu. Nimemwambia aandike ninavyotamka, asilainishe kitu.

Usidhani nakuandikia kwa majuto. Nakuandikia kwa sababu sitaki nife na wewe ukidhani ulishindwa na gari. Ulishindwa na mimi, na nataka ulijue hilo ungali hai.

Utakumbuka serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi. Mimi nilikuwa msimamizi wa karakana, na wewe, niliyekufundisha hata kushika spana, ulikuwa msaidizi wangu. Kamati ya upunguzaji ilikuita peke yako. Stara, aliyekuwa akipeleka chai mle ndani, alinieleza ulichosema: kwamba Mwalimu Bartolomayo ni hazina, lakini macho yamemwisha, na siku moja atafunga breki vibaya watu wafe. "Mzee, huyu mwanao kakuchongea," akaniambia Stara huku akikusanya vikombe. Nikapunguzwa. Wewe ukabaki.

Hukuniambia. Ungekuja ukaniambia usoni, ningekutukana na tungemaliza. Badala yake, ulipoacha kazi na kufungua gereji yako Chang'ombe, ulinifuata nyumbani na mfuko wa sukari, ukasema njoo Mwalimu, kiti chako kipo. Kiti chenyewe kilikuwa cha basi bovu. Ulinikalisha pale kivulini, ukaagiza nipewe chai kabla ya mtu yeyote. Mteja akija, ulimwambia huyu ndiye aliyenifundisha. Kila uliposema hivyo nilisikia mchanga ukidondoka juu ya jeneza langu. Nilikunywa chai yako, nikakushukuru, nikangoja.

Ndipo Mohamedi akaleta ile Landrova yake ya abiria wa Kolo. Bapa la feni ya chuma lilikuwa limekatika njiani na kuichana rejeta inayopoza maji ya injini, na feni nyingine ya aina ile haikupatikana mjini kote. Mafundi wenzako walimshauri aliuze gari kwa vipuri. Wewe ukamwambia kuna gari dogo, Korona iliyopinduka, imelala nyuma ya gereji, ina feni mbili za umeme nzima kabisa. Tungeondoa feni ya chuma inayozungushwa na mkanda, tukafunga hizo mbili kwenye rejeta mpya zikatumia umeme wa gari, na injini ingepata nafuu mlimani kwa kuwa haibebi tena mzigo wa feni. Mohamedi alicheka. Akauliza kama utamfungia na pazia. Lakini alikubali, na akasema mbele ya watu kwamba gari likifika Kolo na kurudi salama, malori yake yote yatakuwa yakitengenezwa kwako.

Mji mzima ulisikia. Nilikiona kifua chako kilivyojaa, nikajua kungoja kwangu kumefika mwisho.

Ulichonga mabano mwenyewe, ukafunga feni mahali pake. Kisha ukaitwa msibani Kizota, ukaniachia kuunganisha nyaya. Feni ya umeme ukiibadilishia nyaya mbili inazunguka kinyume. Badala ya kuvuta hewa kupitia rejeta kuelekea kwenye injini, inaisukuma kurudi mbele. Gari likiwa limesimama hutagundua, kwa kuwa hewa inapita hata hivyo na injini inapoa kiasi. Likishika mwendo, feni inapambana na upepo wa barabarani na rejeta inabaki katikati bila hewa. Mimi ndiye niliyewafundisha ninyi nyote kuweka karatasi mbele ya rejeta: ikivutwa ikanasa, feni iko sawa, ikipeperushwa, nyaya zimegeuka.

Uliporudi kutoka msibani, injini ilikuwa inanguruma na sindano ya joto imetulia. Ukaniuliza, "Mwalimu, karatasi umeweka?" Nikakujibu, "Nani alikufundisha karatasi?" Ukacheka, ukaniomba radhi, ukamkabidhi Mohamedi ufunguo.

Mengine unayajua. Alikuwa anawapeleka wakwe zake harusini. Gari lilichemsha kabla ya Haneti, akaongeza maji, akaendelea kwa kuwa wewe ulimhakikishia, na mbele kidogo injini ikakaza isizunguke tena. Lilipovutwa hadi gerejini, wewe ulikuwa umekwenda kumwomba Mohamedi apoe. Nilibaki peke yangu nalo. Nikarudisha nyaya zilivyotakiwa kuwa.

Kwa hiyo alipokuja na watu wake, na wewe ukawasha feni kwa betri ukaweka karatasi mbele ya macho yao, ilinasa kwenye rejeta vizuri kabisa. Nilikuwa kwenye kiti changu na kikombe mkononi. Ulisimama ukiitazama ile karatasi kama mtu aliyesahau jina lake. Mohamedi akasema, "Umeona? Feni zinavuta, na gari limekufa. Basi kibovu ni kichwa chako, fundi. Hizi kawape vinyozi wapepee wateja. Nimewatoa wakwe zangu kwa heshima, nimewarudisha juu ya lori la vitunguu!" Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Tangu siku ile ukawa Fundi Kinyozi. Malori ya Mohamedi yalikwenda kwingine, na wateja wengine wakayafuata. Ulifunga gereji ukaenda Hombolo kupogoa mizabibu ya wakwe zako.

Ulikuja kuniaga. Ulisema, "Mwalimu, nisamehe, nimekuharibia sehemu ya kukaa." Nikakuambia haidhuru. Jioni ile nilikula ugali na mlenda kwa hamu ambayo sikuwa nayo tangu nipunguzwe. Ulinitoa kazini kwa maneno. Mimi nikakutoa kwa nyaya mbili. Tumelingana.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Mwambie yeyote unayemtaka, na anza na Mohamedi kama bado anaona raha kulitaja lile jina. Nisalimie shemeji, nisalimie na watoto wote, na zabibu za msimu huu ziwe tamu. Ukisikia nimekufa, ukitaka uje, usipotaka usije.

Hapo nilitaka kutia sahihi, lakini Violeth ameweka kalamu chini. Ameniuliza zile nyaya zilikuwa za rangi gani. Nimemjibu moja bluu, moja nyeusi. Akasema, "Baba, mwaka ule si ndio ulikwenda kanisani na soksi moja ya bluu na nyingine nyeusi? Mama alipokuambia, mligombana hadi akasusa kupika." Nimemwamuru aandike sahihi. Amekataa. Anasema ataandika barua ya mtu anayekufa, lakini si ya mtu anayejisifu.

Basi andika, Violeth.

Sostenes, siku ile nilizishika zile nyaya, nikazipeleka kwenye mwanga, nikazileta karibu na pua. Kwangu zote zilikuwa nyeusi. Nikachagua tu. Karatasi ingeniambia, nami niliona haya kuiweka, kwa sababu ni kipimo cha wanafunzi na watu wako walikuwa wananitazama. Kwamba nimekosea nilijua gari lilipovutwa kurudi, nilipoweka karatasi peke yangu ikanirukia usoni. Nyaya nilizirudisha kwa kupapasa. Kisasi changu kilianzia hapo, katika kunyamaza. Miaka yote hii nimejisimulia kwamba nilikusudia tangu mwanzo, na leo nilitaka unizike ukiniita katili, mradi usiniite lile jina ulilonipa mbele ya kamati.

Hata barua hii, sababu ya kutoiandika mwenyewe si mkono. Ulichoiambia kamati kilikuwa kweli. Nilikuwa sioni.

Mwalimu wako,
Bartolomayo