Singeli Katikati ya Ibada ya Kimya

Shikamoo Bibi,

Joto la Temeke ni kali, lakini leo nimechomwa na aibu. Asubuhi nilisali na wenzetu wa Kanisa la Marafiki, sebuleni kwa Mama Neema. Huku hawaimbi kama sisi. Wanakaa kimya kumsubiri Mungu, na anayesukumwa na Roho ndiye anayesema. Mie nikasukumwa na hasira. Jirani alifungulia singeli mpaka madirisha yakatetemeka, nikatoka nikamfokea: "Hamna adabu? Watu tunasali!" Akazima. Nikarudi kukaa, najiona nimeleta amani.

Kimya kilipotulia, tukasikia mtoto analia upande wa pili wa ukuta: "Mama, bethdei yangu ndo imeisha?"

Mama Neema hakunigombeza. Tulipopeana mikono kufunga ibada, hakuuachia wangu. Akanishikisha sahani ya maandazi: "Twende, mwanangu. Kawaambie wafungulie."

Niliomba radhi nikitazama kandambili zangu. Muziki ukarudi, mtoto akanilisha keki mbele ya watu wote, na hapo ndipo niliponyamaza kweli.

Nakukumbuka sana. Ukisali nitaje, Bibi. Mie bado sijui nimwambie nini Mungu.

Mjukuu wako,
Daudi