Rovu la Sofu na Rovu la Kisarawe

Kisarawe, 14 Machi 2021

Kwa mtani wangu Anselmi, Mnyamwezi uliyetua mizigo Sofu ukasahau kurudi Tabora,

Salamu. Mimi mzima, Tunu mke wangu mzima, mbuzi wazima. Kama na wewe ni mzima, basi ndiyo bahati mbaya yetu, tutaivumilia.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Darasa letu la ngumbaru lilikuwa na watu arobaini na wa kwanza nilikuwa mimi, cheti ninacho. Simu siitaki, maneno ya simu hayana ushahidi. Badru anayeshusha mananasi kituo cha Kwa Mathias, hapo kwenu Kibaha, atakuletea.

Nimesikia umeota uvimbe shingoni. Umeniiga. Wangu ulianza mwaka jana, sasa ni kama bibo la mkorosho. Nesi Zawadi wa zahanati yetu kaupapasa, kasema ni rovu, nile chumvi ya pakiti yenye madini joto. Basi nakula. Ugali kwa chumvi, chai kwa chumvi. Kisarawe nzima hakuna wa kunishinda. Nawe kula, acha woga.

Mtani wako niliyekushinda kubangua korosho kiwandani kabla hujapewa ukarani,
Mwinyijuma


Sofu, Kibaha, 30 Mei 2021

Mtani Mwinyijuma,

Barua yako imefika inanuka mananasi. Mimi na Mama Recho hatujambo, ila naandika shingo ikiwa imefungwa bandeji.

Sikiliza, na leo sitanii. Mimi sikupewa chumvi. Nilitoa kadi yangu ya bima ya mstaafu, nikapigwa picha ya shingo siku ileile. Wiki iliyofuata wakanichoma sindano, wakachota nyama kidogo wakaipime. Majibu: saratani ya tezi la shingo. Wiki ya sita nilikuwa nimeshapasuliwa mjini. Sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi, na daktari anasema kitakachoniua ni uzee.

Chumvi haitibu saratani. Sijui wako ni nini, na Zawadi naye hajui. Lakini wako ulianza kabla ya wangu. Kapimwe, mtani. Njoo ulale kwangu.

Mtani wako,
Anselmi


Kisarawe, 9 Februari 2023

Mtani Anselmi,

Salamu. Hali usiniulize.

Maneno yako niliyadharau miezi mitatu. Nakiri mara hii moja, hutanisikia tena. Mtu anaambiwa na zahanati ale chumvi, anakula. Uvimbe ulipofika kama embe na sauti ikaanza kukwaruza, nikaenda kwa Zawadi. Kasema huko mbele hawanipokei bila barua ya rufaa, na rufaa anaandika daktari mkubwa, naye huja Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Mvua ikinyesha haji. Akija, anaondoka kabla foleni haijanifikia. Mara mbili nikajipeleka hospitali ya wilaya kulipia picha mwenyewe, pikipiki kisha basi. Mara ya kwanza mashine ya picha mbovu, rudi mwezi ujao. Mwezi ujao, fundi hajaja. Mwaka na nusu natafuta kupigwa picha ya shingo, utadhani naomba picha ya harusi! Na chumvi naendelea nayo, maana hawajanipa kingine.

Wewe wiki sita.

Nina hasira, Anselmi. Hata nawe nina hasira, unameza kidonge unatazama lami mlangoni pako. Shingo yako na yangu zilivuta vumbi la korosho lilelile.

Sasa agizo. Nikifa, wote watasema ni kazi ya Mungu. Shehe atasema, mwenyekiti wa kijiji atasema. Anayeweza kutukana msibani asikamatwe ni mtani peke yake. Desturi unaijua: lala ndani ya kaburi langu, kataa kutoka mpaka wakusikilize. Waambie huyu hakuitwa na Mungu, huyu kacheleweshwa na watu. Na usiguse pilau kabla hujasema.

Mtani wako,
Mwinyijuma


Sofu, 20 Februari 2023

Mtani,

Sisi hatujambo. Agizo nimelisoma mara nne.

Mnyamwezi hangoji maiti. Alhamisi ya kwanza ya Machi nakuja kula muhogo wako.

Mtani wako, mbeba mizigo,
Anselmi


Kisarawe, 11 Juni 2023

Mnyamwezi usiye na haya!

Salamu utazipata mwishoni, ukizistahili.

Ulikuja kwangu, ukala muhogo wangu, ukanipa bahasha ya rufaa ukasema, "Zawadi amekukumbuka." Nami nikakuamini! Jana ndiyo Tunu kanisimulia yanayosemwa kisimani. Kwamba ulilala chali mlangoni mwa zahanati, na koti lako na tai yako ya ukarani, ukapiga kelele: "Mimi mtani! Hapa ni kaburini kwa Mwinyijuma, sitoki mpaka aandikiwe!" Kwamba akina mama wa kliniki walikuruka kama kizingiti. Daktari mkubwa akakutishia polisi, ukamwambia waje na jeneza. Na kwamba Zawadi ndiye aliyekimbilia fomu, analia: "Babu, chombo nilichopewa cha kupimia shingo ni vidole vyangu hivi."

Nilikuambia ulale nikifa! Nani alikuruhusu mapema?

Haya. Kupasuliwa unajua, ulikuwepo. Usilolijua ni la Jumanne. Saratani imefika mapafuni. Daktari wa mjini, mama mpole, kasema, "Mzee, ungekuja ilipokuwa ndogo tungeimaliza kwa kisu." Nikamwambia, mama, nilikwenda. Nilikwenda ikiwa kama bibo.

Mwezi ujao, mwishoni, nitanyweshwa dawa ya mionzi, nifungiwe chumba cha peke yangu. Kuiponya yote hakuahidi, kasema tujaribu. Na kabla ya hapo, wiki mbili nzima, unajua kanikataza nini? Chumvi yenye madini joto! Nilicheka mpaka mshono ukauma. Akadhani nimerukwa na akili.

Sauti imebaki nusu. Nusu yangu bado inaishinda yako nzima.

Sasa sikia kilichonikalisha kuandika. Leo asubuhi Maua, binti wa jirani, kapita hapa akitoka zahanati, mtoto mgongoni. Shingoni ana kitu kama korosho. Mkononi ana pakiti ya chumvi.

Nimemnyang'anya ile pakiti, nimeirusha kwa mbuzi.

Alhamisi ya kwanza ya Julai, saa mbili asubuhi, mimi ndiye nitakayelala, na Maua atakaa pembeni yangu mpaka aandikiwe rufaa. Vaa lile koti uje. Mlango nimekwenda kuupima kwa miguu yangu. Unatosha wazee wawili.

Salamu kwako na kwa Mama Recho.

Mtani wako, ambaye bado hujamzika,
Mwinyijuma