Sindano Zangu Kwenye Friji ya Shemeji

Alhamisi, Roret. Mvua ya mawe imepiga chai mchana kutwa.

Kwa masikitiko makubwa, natangaza kwa wasomaji wangu wote sita kwamba nimeacha rasmi kununua chumvi ya ng'ombe kwa shemeji yangu Wilson. Bendera isishushwe nusu mlingoti. Ng'ombe mwenyewe ni mmoja.

Wilson ni kaka ya mke wangu. Ana duka la dawa za mifugo hapa sokoni, na friji yake ndiyo hunitunzia sindano za soriasisi, katikati ya chanjo za ndama. Zinatuliza kinga ya mwili wangu, ambayo iliamua kupigana na ngozi ya mwenyewe. Kabla ya sindano hizo nilidondosha magamba kila nilipoketi, watoto wakinifuata na ufagio.

Corona ilipoingia, nikasikia wamama wakinong'ona kituoni tunapopimia majani ya chai: "Baba Chebet asisimame hapa. Wilson anasema mwili wake hauna askari." Nikaambiwa niweke kikapu karibu na choo, nipimiwe wa mwisho.

Nikaapa Wilson atalipa.

Nilianza polepole, kwa tabasamu. Kila mwenye ng'ombe niliyekutana naye nilimwambia tu, "Stima inapotea sana siku hizi. Sijui chanjo za shemeji zinakaaje." Haikuchukua muda, watu wakawa wanapita mlango wake wakienda kununua mpaka Chepilat. Nilifurahi vibaya. Hata kanisani niliimba vizuri.

Mke wangu nilimwambia nimeacha sindano kwa sababu kaka yake amenifukuza kwenye friji. Ngozi ikarudi na hasira zake zote. Vidole vikapasuka. Mwezi mzima sijachuna jani hata moja. Anachuna yeye, peke yake.

Jana nikampigia daktari wa ngozi. "Nani alikwambia uache?" akauliza. Akasema corona bado ni ugonjwa mpya, wao wenyewe wanajifunza, lakini kwa mtu kama mimi, asiye na dalili zake, haoni sababu ya kuacha. Nikipata homa nisijidunge kabla ya kuongea naye. Maski nivae, nikae mbali na watu.

Basi niandike ilivyokuwa.

Wilson hakunifukuza. Niliogopa corona, nikaacha mwenyewe bila kuuliza mtu. Na lile neno la askari ni langu. Nililisema mimi, dukani kwake, nikitafuta kicheko. Alicheka, akalirudia kwa wengine, kama watu wanavyorudia mzaha.

Leo nimezifuata sindano. Stima ilikuwa imepotea tangu jana, na boksi lake la barafu ni dogo. Zangu alikuwa ameziweka humo. Chanjo zilibaki kwenye friji iliyozimika.

"Hizo hazina mnunuzi siku hizi, shemeji," akasema. "Sijui nimewakosea nini watu."

Nikasema pole. Nikachukua sindano zangu, nikaenda.

Nimejidunga. Sijamwambia kitu. Na ukweli wa mwisho ni huu: bado nimemkasirikia, ila sasa sina hata sababu.