Ukungu wa Miwani

2 Machi

Kitindamimba wetu,

Hujambo, na wifi je? Huku tu wazima, ila goti langu linataka kustaafu kabla yangu.

Nina habari, kaa chini. Zile galaksi mbili hafifu zilizobanana, ambazo pale kwenye chama chetu cha watazama nyota kila mtu huona moja tu, nimeziona zote mbili! Nilitazama pembeni kidogo, kama tunavyofanya kwa vitu vya mwanga mdogo, na lile doa likagawanyika: moja kubwa, na nyingine ndogo imelala ubavuni pake. Nilipiga yowe hadi jirani akagonga ukuta. Kesho yake darasani nilifundisha huku napiga miayo.

Mchoro huu hapa. Ulinganishe na picha za huko kwenye kituo chenu cha kuchunguza nyota. Nitaisoma ripoti yangu kwenye kikao cha chama. Wakiikubali, darubini kubwa ya chama inabaki kwangu mwaka mzima. Wakiikataa anaichukua Mfamasia, yule mwanachama mwenzetu aliyewahi kuanika taulo juu yake.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kazi tu zimetubana.

Mwenyekiti wenu alinipigia simu, akataka neno la mtaalamu kabla ya kikao. Sikuweza kumdanganya. Darubini yako hupindua picha, juu huwa chini. Basi niliugeuza mchoro wako ndipo nikaulinganisha, na ile ndogo ikaangukia mahali pasipo na kitu. Nikamwambia hivyo, nikamtania kwamba labda umechora ukungu wa miwani yako. Usinune, bwana. Utajaribu tena.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Utani wako ulisomwa kikaoni, kwa sauti. Watu walicheka mpaka Mfamasia akafuta machozi. Nikavua miwani nikaifuta, sijui kwa nini, wakazidi kucheka. Darubini imekwenda.

Mchoro ule nilikuwa nimeshaugeuza. Tangu ukiwa mtoto, nikikuchorea anga nageuza kwanza, maana ulikuwa unalalamika: "Dada, mbona nyota zako zimesimama kichwa chini?" Nilidhani unakumbuka.

Dada yako

27 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana aliyeiharibu ni mimi.

Nimeuweka mchoro wako juu ya picha yetu bila kuugeuza. Umekaa sawasawa, dada. Zote mbili, mahali pake. Nimeona haya hata mbele ya karatasi. Ningekuuliza neno moja tu, "Umegeuza?", yasingetokea yote haya. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa najifanya mtaalamu.

Nilimwambia mke wangu ilikuwa bahati mbaya. Akaniuliza, "Na utani je?" Kugeuza kulikuwa bahati mbaya. Utani niliutoa makusudi, nilitaka mwenyekiti acheke.

Nimemwandikia mwenyekiti, nimempelekea na picha. Nitukane ukitaka, lakini andika.

Mdogo wako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Jamani, mzima kweli? Nikipiga simu hupokei. Mwenyekiti anasema ripoti imekubaliwa, aliomba radhi mbele ya watu wote, na darubini imerudi kwako. Nilidhani nikisikia hivyo nitapata usingizi. Sipati. Chakula chenyewe nakitazama tu. Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako

17 Mei

Kitindamimba wetu,

Marahaba, na hizo nyingine zote ulizokuwa ukinidai nilipokuwa kimya. Kula chakula, wewe, usinitafutie lawama kwa wifi. Nimekusamehe siku nyingi, wala si hilo lililonizuia kuandika.

Nilikuwa nangoja nione kama itapita. Darubini iliporudi niliilenga palepale. Naona mbili. Halafu nasikia kile kicheko, navua miwani, naifuta, natazama tena. Naona mbili, na sijiamini. Nimefanya hivyo mpaka nimechoka, mdogo wangu. Inauma.

Juzi Mfamasia alikuja kuomba radhi. Nikamwomba atazame aniambie ziko ngapi. Alihangaika kidogo, nikamfundisha kutazama pembeni, akaruka: "Mbili, mwalimu! Mbili kabisa!" Nikamwambia aichukue darubini. Alikataa kwa adabu, nikamsaidia kuibeba hadi kwenye gari.

Njooni likizo. Nitafurahi kweli, si maneno tu. Ila tukikaa nje jioni, usinionyeshe kitu angani.

Dada yako